Misukule wa Kweli Hawako Darini

Leo nataka tugombane kidogo, kwa hiyo kama umekuja kutafuta picha za harusi au matokeo ya Simba na Yanga, ukurasa huu haukufai leo.

Vijana wanaocheza magemu ya kompyuta wanamjua guli. Katika zile dunia za kubuni, guli ni kabila zima la watu waliokufa wakakataa kulala. Wana ngozi ya kijivu na kucha ndefu, wanakaa makaburini na chakula chao ni maiti. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, uliwaingiza kwenye orodha yake ya maadui na kuwapa namba za nguvu. Tangu hapo kila mtunga magemu ana guli wake, na ukiua wachache unapanda daraja. Jina lenyewe ni la Kiarabu, ghul, yaani jini la jangwani linalobadili sura na kuwapoteza wasafiri. Wachunguzi wa hadithi wanasema habari ya kula maiti iliongezwa na Mfaransa Antoine Galland alipotafsiri Alfu Lela Ulela kati ya mwaka 1704 na 1717. Yaani hata jini lilipelekwa Ulaya likarudi na tabia mpya!

Mimi sina ugomvi na guli wa kwenye kioo. Umeme ukikatika naye anaondoka. Ugomvi wangu ni na guli wa kwetu, huyu tunayemwita MSUKULE, wengine ndondocha. Huyu hata umeme ukikatika bado yupo, na kwa ajili yake watu wanachomwa moto.

Kwa wasiomjua, ingawa sidhani kama wapo, msukule anaelezwa hivi. Mtu anakufa ghafla, ndugu wanalia, wanazika. Kumbe (eti!) kilichozikwa ni mgomba uliotiwa dawa ukafanana na mtu. Mtu mwenyewe amechukuliwa na mchawi, amekatwa ulimi asiseme, amefichwa darini au nyuma ya mlango, analishwa pumba, na usiku anatolewa kwenda kulima shamba la bwana wake. Kukicha anarudishwa. Nimekulia Bisibo, wilaya ya Biharamulo mkoani Kagera, na hadithi hii tuliisikia kabla hatujajua kusoma. Ilitutisha kama hadithi za zimwi zinavyowatisha watoto wote. Tofauti ni kwamba zimwi halikuwa na jina la mtu wala nyumba inayojulikana. Msukule ana mwenyewe. Mwenyewe huyo ana nyumba, shamba na jina, na mara nyingi ni bibi mzee aliyefiwa na mumewe.

Hapo ndipo hadithi inapoacha kuwa hadithi na kuwa mashitaka.

Tuangalie mashitaka haya yanavyoundwa. Mwanamke mjane ana eka mbili za mahindi na maharage. Mwaka huo mvua imesumbua, mashamba ya majirani yamekauka kwa sababu walipanda kwa kuchelewa. La kwake limestawi. Mchana anaonekana amekaa kibarazani anachambua maharage. Jirani anajiuliza, huyu analima saa ngapi? Hataki jibu rahisi, kwamba mama yule anaamka saa kumi za usiku jua lisimkute shambani. Anataka jibu linalomtuliza yeye mwenyewe aliyelala mpaka saa tatu. Basi jibu linapatikana: ana misukule. Wiki inayofuata kijana wa jirani anafariki ghafla. Sasa mashitaka yamekamilika. Hayana shahidi wala kielelezo, na hukumu inasubiri tu kundi la vijana waliokwisha kunywa.

Vifo vya ghafla havihitaji mchawi. Tunaishi kwenye malaria, na malaria ya kichwani inaweza kumwondoa mtoto ndani ya siku moja au mbili. Shinikizo la damu halibishi hodi. Kuna uzazi, kuna nyoka, kuna radi, kuna pombe za kienyeji zenye vitu tusivyovijua. Katika vijiji vyetu mtu akifa nyumbani anazikwa kesho yake bila daktari kumgusa. Sisemi ni kosa la wafiwa, maana hospitali iko mbali na usafiri wa maiti ni ghali. Ninachosema ni kwamba pale ambapo daktari hakuandika sababu ya kifo, mpiga ramli anaiandika.

Na sisi watu wa Kagera tusijifanye wageni katika hili, maana tumeshapewa somo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitoka mkoani kwetu. Watu walikuwa wanakonda na kufa, na wengi wakasema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Uganda waliodhulumiwa mali zao. Ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la nguo za magendo zilizovuka mpaka miaka ile. Tulipokuwa tunamtafuta mchawi wa Juliana, virusi vilikuwa vinaendelea na kazi yake nyumba kwa nyumba. Laiti wakati ule tungetumia nguvu ile ile kumsikiliza daktari! Waliokufa hawakuchukuliwa misukule na mtu. Walikufa, na walituachia yatima ambao baadhi yao ndio wanaosoma hapa leo.

Najua mtakachosema. "Wewe umesoma, umeenda mjini, unadharau mila. Mbona kuna watu walizikwa wakarudi?" Swali zuri. Halikuanza kwetu.

Nchini Haiti wana msukule wao, wanamwita zombi, na hadithi inafanana na yetu mno: mchawi, kaburi, utumwa shambani. Mwaka 1980 alijitokeza huko mtu aliyedai kuwa Clairvius Narcisse, ambaye hospitali ilikuwa imeandika kwamba alifariki mwaka 1962. Dunia nzima ilishangaa, vitabu vikaandikwa, filamu zikatengenezwa. Lakini mwaka 1997 madaktari wawili, Roland Littlewood na Chavannes Douyon, walichapisha katika jarida la kitabibu la The Lancet uchunguzi wao wa zombi watatu waliokuwa wamepokewa na familia kama ndugu waliofufuka. Waliwapima kama wagonjwa wanavyopimwa. Mmoja alikuwa na ugonjwa mkubwa wa akili. Mwingine alikuwa na kifafa na ubongo ulioathirika. Wa tatu alikuwa na ulemavu wa akili ambao huenda aliupata tumboni kwa mama yake. Walipopima vinasaba, wawili kati yao walionekana hawana undugu na familia zilizowapokea. Walikuwa wagonjwa wa akili waliopotea njia, wakakutana na familia zenye majonzi ambazo zilitamani sana marehemu wao arudi.

Mimi nilipoisoma habari ile nilinyamaza muda mrefu. Kwa sababu tunawajua watu hao. Yule kaka mchafu anayetembea kando ya lami kati ya Nyakanazi na Biharamulo mjini, anayeongea peke yake, asiyejua kwao. Yule dada anayelala stendi. Kila mmoja wao ana mama mahali fulani. Mtu wa namna hiyo akiingia kijiji kisichomjua, hasemi jina lake, hajui ametokea wapi, mwili umechoka na macho yamezama. Kuna mama amemzika kijana wake miaka mitatu iliyopita, na anamtazama huyu mgeni usoni. Mnadhani ataona nini? Badala ya kumpeleka hospitali, tunamwita msukule aliyetoroka, tunamzungushia kamba watu waje kumtazama, na tunaanza kumuuliza ni bibi gani alikuwa anamfuga. Naye kwa njaa na kipigo atataja jina lolote tutakalomtajia.

Kwa hiyo natoa changamoto, na sitanii. Nchi hii ina Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali yenye maabara ya vinasaba. Tangu mwaka 2009 tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu. Tuna mahakama inayoweza kutoa kibali cha kufukua kaburi. Mchungaji, mganga au mwandishi yeyote anayetangaza kwamba msukule amerudishwa, ampeleke huyo msukule na mama yake wapimwe, kisha kaburi lifukuliwe kwa kibali tuone kama kuna mifupa au mgomba. Vitu viwili tu. Miaka yote hii ya matangazo, mikutano ya hadhara na kanda za video, kwa nini vipimo hivi si sehemu ya ushuhuda?

Nimetaja waandishi kwa makusudi, maana nyani haoni kundule. Miaka ya 2000 magazeti ya udaku yaliuza misukule kama karanga. Filamu za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta zilituletea wafu na majini sebuleni, na hizo sizilaumu, kwani filamu inasema wazi kwamba ni filamu. Gazeti halisemi hivyo. Nilipoanza kazi, mhariri mmoja wa gazeti ambalo silitaji aliniambia, "Wewe unatoka Kanda ya Ziwa, niletee msukule wa ukurasa wa kwanza." Nikamuuliza, picha nitaipata wapi? Akajibu kwamba mtu yeyote mchafu anafaa. Yule mtu mchafu ana ndugu. Na yule bibi atakayetajwa kwenye aya ya tatu ana nyumba ya nyasi inayowaka kwa kiberiti kimoja. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na simu janja. Video ya dakika moja inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, maelezo yamebandikwa na mtu asiyekuwepo, na kabla ya magharibi kijiji kizima kimeshahukumu.

Hizi hapa gharama zake. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria mwaka 2012 kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wengi ni wanawake wazee, na wengi ni wa Kanda ya Ziwa na Magharibi. Kosa la baadhi yao lilikuwa macho mekundu. Mtu aliyepika kwa kuni na vinyesi vya ng'ombe kwa miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa na rangi gani? Tumewaua kwa sababu walitupikia.

Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, kule kwa jirani zetu wa Kigoma, watu saba waliuawa kwa siku moja na nyumba zikachomwa moto, tuhuma ni uchawi. Polisi walikamata watu zaidi ya ishirini, mganga akiwa miongoni mwao. Mganga! Yaani yule aliyetakiwa kutibu ndiye alitajwa katika kuua.

Hata serikali yenyewe iliwahi kuungua kwa moto huu. Mwaka 1976, kwenye msako wa kukomesha mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi huko Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwatesa watu waliokamatwa mpaka wengine wakafa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika. Baadaye akawa Rais, na kujiuzulu kule kukawa sehemu ya heshima yake. Lakini vikongwe waliendelea kuuawa.

Na msidhani kwamba anayeanza na misukule anaishia hapo. Akili inayokubali kwamba maiti inaweza kuleta mali ndiyo ile ile inayokubali kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kinaweza kuleta mali. Mauaji yale yalipopamba moto mwaka 2007 na 2008, Kanda ya Ziwa ndiyo ilikuwa kitovu. Mwandishi mwenzetu Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja mwaka 2008, akaenda kwa waganga, akarudi na ushahidi na vitisho vya kuuawa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga Januari 2009. Mwaka 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku tena na zaidi ya 200 wakakamatwa. Tukasema yameisha. Kisha tarehe 30 Mei 2024, wilayani Muleba, hapa hapa Kagera, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu alichukuliwa nyumbani kwao, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana umekatwa viungo. Kati ya watu tisa waliofikishwa mahakamani alikuwamo baba yake mzazi na padri. Hebu niambieni, huyo guli anayekula maiti mnamtafuta kaburini, au ana suti na simu mbili?

Sheria nayo inatuchanganya. Sheria ya Uchawi tuliirithi kwa Waingereza tangu mwaka 1928. Inaadhibu anayejidai ana uwezo wa kichawi, na inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa akaishi mahali pengine. Fikirini maana yake kwa bibi wa Bisibo. Kijiji kinamtuhumu kwa uongo, na suluhisho ni yeye kuhama, aache shamba. Na shamba hilo litalimwa na nani? Mara nyingi ni shemeji au mtoto wa kambo aliyeanzisha maneno. Ukitaka kumjua mwenye hadithi ya msukule, usiende kwa mganga. Nenda kwenye baraza la ardhi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo litawaudhi wengi, hata wa nyumbani.

Mimi naamini misukule wapo. Nimewaona.

Mtu asiye na jina kijijini, analala kwenye kibanda shambani, anaanza kazi gizani, anakula kinachobaki, haongei kwa sababu Kiswahili hakijui, na mchana akisikia gari la serikali anajificha. Hii ndiyo sifa ya msukule, au sivyo? Basi huyo ni kibarua aliyevuka mpaka kutoka Burundi kuja kutulimia Ngara, Biharamulo na Kigoma. Wapo wanaolipwa vizuri na kuishi kama ndugu, nawashukuru waajiri wao. Lakini wote tunamjua tajiri anayengoja mavuno yaishe, halafu siku ya malipo anatishia kuwapigia simu Uhamiaji. Kibarua anakimbia usiku bila shilingi. Mahindi yanabaki darini. Hakuna ulimi uliokatwa hapo, ila mtu hana pa kusemea, na matokeo ni yale yale.

Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliposafisha mikoa yetu ya Kagera, Kigoma na Geita, maelfu walirudishwa Rwanda na Burundi. Wengine walikuwa wameishi huku miongo kadhaa, wana wake, wana mashamba, wana makaburi ya wazazi. Sibishani na haki ya nchi kulinda mipaka yake. Ila nakumbuka jinsi baadhi ya majirani walivyogawana mbuzi na migomba kabla vumbi la malori halijatulia. Waliokula mali ya watu walio hai hakuna aliyewaita wachawi. Wengine waliitwa wajanja.

Ongezeni yule binti wa miaka kumi na miwili anayetolewa kijijini kwa ahadi ya shule, akafungiwa jikoni mjini, halipwi, hatoki, jina lake limekuwa "we dada". Huyo naye kwao wanaweza wasimwone miaka mitano. Akirudi amekonda na kunyamaza, tutaulizana kama alichukuliwa na mchawi. Mchawi wake anajulikana kwa jina na mtaa!

Ndiyo maana nasema hadithi ya msukule inawasaidia watu fulani. Inatufanya tuangalie juu darini kwa bibi maskini, tusiangalie shambani kwa tajiri. Inamfunga mdomo mrithi halali. Inamlipa mpiga ramli na kumjazia mchungaji viti. Mwisho wa siku anayelipa ni bibi asiye na mtoto mjini wa kumpigia simu kamanda wa polisi.

Sitaki mniambie nimekosoa tu. Nayasema ninayoyataka. Kila kifo cha ghafla kijijini kiandikwe sababu na mganga wa zahanati, hata kama ni kwa kuhoji wafiwa tu, na sababu hiyo isomwe msibani kabla ya mazishi, maneno yapungue. Anayepiga ramli na kutaja jina la mtu ashitakiwe mara moja kama mchochezi wa mauaji, tusisubiri maiti. Waganga wa miti shamba waliosajiliwa chini ya sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 wawe wa kwanza kuwakana hao. Wagonjwa wa akili wapelekwe hospitali na picha zao zitangazwe ili ndugu wawapate. Vibarua waandikwe majina na walipwe mbele ya mtendaji wa kijiji. Na ninyi vijana wenzangu wa Bisibo, siku wakija kuwaita usiku kwa filimbi twende kwa bibi fulani, ulizeni swali moja tu kabla ya kunyanyua panga: shamba lake litabaki kwa nani?

Anayeweza kulijibu swali hilo bila kutazama chini, aje tubishane. Mimi nipo.

Naomba kutoa hoja.